Marehemu Anaomba Sukari

Babu alifariki Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na afya njema na kipande cha mkate mkononi. Hakuugua, hakuanguka, hakumsumbua daktari. Alitoka tu chumbani kwake, akavuka ua, akaingia karakanani kwa mkwewe, akainama mbele ya jiwe jeusi lililoegemezwa ukutani, akapapasa kwa kidole mstari wa chini kabisa. Akarudia kupapasa. Kisha akanyoosha mgongo na kutangaza:

"Haya. Nimekufa. Ahsanteni kwa kunijulisha."

Akarudi chumbani, akafunga mlango. Mkate alikwenda nao.

Mkwewe alibaki ameshika patasi, kinywa wazi, vumbi la mawe likiingia bila kubisha hodi.

Jiwe lenyewe lilikuwa la ukumbusho. Zamani mtaa ule ulitoa wanaume kumi na wawili, wakapandishwa meli kwenda kupigana ng'ambo, katika vita ambavyo mpaka leo hakuna mtu mtaani anayeweza kueleza vizuri nani alimkosea nani. Watatu walibaki hukohuko. Wanane walirudi, wakaoa, wakazeeka, wakaondoka mmoja mmoja kwa homa, kwa moyo, na mmoja kwa kuteleza juu ya paa alilokatazwa kupanda. Wa kumi na mbili alikuwa Babu. Kwa hiyo kamati ilipoamua kusimamisha jiwe kwenye kiwanja kinachotazamana na zahanati, halikuzuka swali kuhusu nani atavuta kitambaa. Alikuwa amebaki mmoja. Jumamosi, saa nne kamili, Babu angevuta.

Kazi ya kuchonga alipewa mkwewe, naye ilimpa kichwa kikubwa kidogo. Miaka kumi na sita alikuwa akichonga mawe ya makaburi, na siku za neema mawe ya kuwekea masinki ya jikoni. Kwa mara ya kwanza alipata kazi ambayo watu wangekuja kuitazama bila kulia na bila kuosha vyombo.

Kamati ilimwagiza majina tu. Lakini jina bila miaka, kwa mchonga makaburi, ni kama shati bila vifungo. Hawezi kulitoa nje ya karakana akalala. Akaomba miaka, akapewa. Naye ana utaratibu wake. Hachongi mstari mmoja mpaka mwisho kama mtu anayeandika barua. Anachonga kwanza majina yote, halafu miaka yote ya kuzaliwa, halafu anaweka rula ndefu ya chuma na kuchonga vistari vyote vya katikati kwa mkupuo, kutoka juu hadi chini, ko, ko, ko, na miaka ya kufa ndiyo humalizia. Mkono ukishashika mwendo, kichwa huenda likizo. Kichwa kiliporudi, kistari cha kumi na mbili kilikuwa tayari kimeingia ndani ya jiwe kina cha ukucha. Mwaka aliozaliwa Babu, kistari, halafu nafasi tupu kabisa, imesafishwa vizuri, inangoja mgeni.

*

Chakula cha mchana kiliwekwa kwa watu wanne, wakakaa watatu.

"Umemfanya nini baba yangu?" mke wa Mchongaji aliuliza. Yeye ni fundi cherehani, na ana mazoea ya kuuliza maswali huku ameshika pini kwa meno, jambo linalofanya kila swali lionekane la hatari.

"Sijamfanya kitu. Nimechonga."

"Umechonga nini?"

"Kistari."

"Kistari gani cha kumfanya mzee wa watu ajifungie?"

Mchongaji akaeleza. Alieleza taratibu, akitazama maharage. Alipomaliza, binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu na ulimi wake kidato cha sita, akaweka kijiko chini.

"Yaani Baba, umemjazia Babu tarehe ya kuingia, ukamwachia ya kutoka ajaze mwenyewe? Kama daftari la wageni?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Na kalamu umemwachia?"

"Wateja wote wanafanya hivyo," Mchongaji akajitetea. "Mume akifa, mke anakuja ananiambia, nichonge na mimi kabisa, mwaka wangu wa mwisho utauongeza baadaye. Ni kawaida ya kazi. Hakuna anayenuna."

"Hao wanakuja kwa miguu yao," mkewe akasema. "Baba yangu alikuja kwako akakuomba umwekee nafasi?"

Mchongaji akarudi kwenye maharage yake. Tena alikuwa na sababu yake ya kutobishana. Nyumba waliyokuwa wanakula ndani yake ilikuwa ya Babu. Mchongaji alihamia na sanduku moja, akasema ni kwa miezi miwili tu, mpaka kazi ichanganye. Miezi hiyo miwili sasa ilikuwa na binti wa kidato cha tatu. Miaka yote hiyo Babu hakuwahi kumkumbusha, hata kwa utani, na Mchongaji kwa upande wake hakuwahi kumkosea. Na leo ndiyo amemkosea, kwa patasi, juu ya jiwe, mahali ambapo huwezi kusema nilikuwa natania.

Sauti ikapenya kwenye mlango wa chumba, kavu na yenye heshima zote:

"Marehemu anaomba sukari. Chai imeletwa bila sukari."

"Baba, toka uje ule," fundi cherehani akaita.

"Marehemu hali na watu."

"Na chai?"

"Chai ni kinywaji. Na uwaambie hao wa kamati, Jumamosi marehemu hatafika. Hajawahi kuonekana marehemu anayefunua jiwe lake mwenyewe."

Binti alibeba bakuli la sukari, akalisukuma kupitia upenyo wa mlango. Mkono ukatoka, ukachukua vijiko vitatu, ukarudi ndani. Kwa maiti, ulikuwa mkono mwepesi sana.

*

Alhamisi alikuja Mwalimu Ratiba. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na katibu wa kamati, na hakuna aliyewahi kumwona bila karatasi yenye namba moja mpaka kumi na kitu. Inasemekana hata siku alipooa alikuwa nayo, na bibi harusi alikuwa namba nane.

Alilitazama jiwe. Akavua miwani, akaifuta, akalitazama tena.

"Mchongaji, tulikuagiza majina."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hii miaka?"

"Wewe ndiye uliyenipa, Mwalimu."

"Nilidhani ni kwa kumbukumbu zako!" Akakunjua karatasi yake. "Haya. Kufunua jiwe ni namba saba. Mzee asipokuja, namba saba inakufa, na namba nane haiwezi kuanza, maana namba nane ni wimbo wa baada ya kufunua. Utawaambia nini watoto wa shule waliokariri beti zote nne?"

"Nitaziba kile kistari."

"Kinazibika?"

"Kuna gundi. Inachanganywa na unga wa jiwe lenyewe. Ikikauka unaisugua kwa msasa, huoni kitu."

Aliziba. Wakangoja ikauke. Akasugua kwa msasa mpaka kiwiko kikauma. Jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa, na pale palipokuwa na kistari sasa palikuwa na alama ya kijivujivu, ndefu, yenye mng'ao wa namna yake, kama konokono alipita akielekea mahali, akaghairi.

Kwa bahati mbaya, Babu alikuwa anatoka msalani. Akapitia karakanani. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Akainama, akatazama, akapapasa.

"Aha," akasema. "Jana mlinichimbia. Leo mmenifukia."

"Baba, nisamehe," Mchongaji akasema. "Nilikuwa natengeneza."

"Udongo mmeshindilia vizuri. Ahsante, mkwe." Akageukia Mwalimu Ratiba na kumwinamia kichwa kwa adabu ya msibani. "Mwalimu, poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa, Mzee," Mwalimu Ratiba akajibu kabla hajajishika.

Babu alipokwisha kuondoka, Mwalimu alishusha sauti. Alikuwa na wazo, na alilitoa kwa uangalifu kama mtu anayetoa kikombe kilichopasuka kabatini. Je, isingewezekana kusaga jina zima la Mzee, likafutika, jiwe likabaki na majina kumi na moja? Halafu la Mzee likaongezwa baadaye, likiwa limekamilika, wakati utakapo... yaani, mambo yatakapokuwa yame... kwa kweli, baadaye.

Fundi cherehani alikuwa mlangoni na kitambaa cha bluu cha kufunikia jiwe begani. Akatoa pini kinywani. Ilikuwa dalili mbaya.

"Mwalimu, umesema mumfute baba yangu mpaka afe ndipo mumwandike?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema vipi?"

Mwalimu Ratiba akatazama karatasi yake kana kwamba jibu lilikuwa namba fulani. Halikuwemo. Akaaga.

*

Ijumaa Binti alirudi kutoka shule saa nane, akagonga mlango wa Babu.

"Hodi, mume wangu."

"Wewe sasa ni mjane, mchumba. Tafuta mwingine."

"Nimetafuta, wote hawana nyumba. Fungua, nimeleta ndizi."

Mlango ukafunguka nusu, ndizi zikaingia, Binti akaingia nazo. Chumba kilikuwa nadhifu kama kawaida. Kitanda kimenyooshwa mpaka shuka limekazana, viatu viwili chini yake vimepangwa vidole mbele. Babu alikaa kwenye kiti cha dirishani, kando ya kitanda, akamenya ndizi bila haraka. Alikuwa amechoka. Kuwa marehemu siku tatu ukiwa hai ni kazi.

"Babu, kwani unaogopa kufa?"

"Nani? Mimi? Nimepigiwa mizinga mimi. Kufa ni jambo la dakika mbili."

"Sasa kistari kimekukera nini?"

 Babu alimaliza ndizi, akakunja ganda, akaliweka kwenye kisahani.

"Kule ng'ambo," akasema, "kila asubuhi tulipangwa mstari. Sajini anaita jina, unaitika 'Nipo!' Usipoitika unaandikwa hayupo. Ukiandikwa hayupo unakosa chai, halafu unachimba choo cha kikosi kizima. Mimi usingizi wangu mwepesi, ndiyo maana waliniita Jogoo. Lakini nilikuwa na mwenzangu, Kijiko. Kaka yake yule bibi wa ng'ambo ya barabara, Bibi Dirishani."

"Kwa nini Kijiko?"

"Hakuachana na kijiko. Mfukoni hapa. Akisema mtu anaweza kufika penye chakula ghafla akajuta. Sasa Kijiko alilala kama gunia. Basi akiitwa, naitika mimi: 'Yupo!' Sajini anauliza, 'Yuko wapi?' Namwambia, 'Anafunga viatu, afande.' Miaka miwili yule mtu alikuwa anafunga viatu. Sijui alikuwa na miguu mingapi."

Binti akacheka. Babu akacheka pia, kidogo, halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Halafu ikaja siku ya daraja. Kesho yake tukapangwa. Tulibaki wachache, mstari una mapengo kama kinywa cha mtoto. Akaitwa Kijiko. Mdomo wangu ukaitika wenyewe. 'Yupo!' Sajini alijua. Alikuwepo, alimwona kwa macho yake akianguka darajani. Akanitazama. Akaitazama karatasi. Akaandika yupo. Safari hii hakuuliza viatu."

Nje kelele za cherehani zilikuwa zimekatika. Mkono wa Babu ulikuwa unalainisha shuka lisilo na kunyanzi hata moja.

"Mimi nimewaitikia watu, mchumba. Sasa nakwenda kutazama jina langu, naona kistari, halafu mbele yake, pu! Hapana kitu. Kana kwamba nimeitwa, na wote wamenyamaza."

*

Binti alikwenda karakanani moja kwa moja. Baba yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamtazama konokono wake.

"Baba, zibua hiyo kitu. Halafu mbele yake chonga 'Yupo'."

"Chonga nini?"

"Yupo. Mwaka aliozaliwa, kistari, yupo."

"Ukumbusho si mahali pa mzaha."

"Si mzaha." Akamsimulia. Alisimulia vibaya, akirukaruka, akianza na viatu na kurudi kwenye choo, lakini alipofika kwa sajini na karatasi, Mchongaji alikuwa ameshasimama.

Alisimama, lakini hakushika patasi. Alikuwa na hesabu yake kichwani. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono. Hili, kama Babu angelipokea vibaya, lingekuwa la makusudi, mbele ya mtaa mzima, na watoto wa shule wakiwa wamejipanga kuimba. Mtu anayefanya hivyo katika nyumba ya mkwewe inabidi alitafute lile sanduku lake alilokuja nalo.

"Na kamati?"

"Usiwaambie."

"Na siku akifa kweli? Jiwe litakuwa linadanganya."

Nyuma yao kulikuwa na mtu anayevuta pumzi puani. Fundi cherehani alikuwa amesikia yote, ya chumbani na ya hapa, maana katika nyumba ile kuta ni za heshima tu.

"Siku akifa kweli tutalia," akasema. "Leo yupo. Wewe chonga."

Kuzibua kulichukua dakika chache. Gundi ilitoka kirahisi, kama iliyokuwa imekaa kwa aibu. Kistari kikarudi. Zile herufi nne ndizo zilizomtoa jasho. Alikuwa amechonga maelfu ya herufi maishani, na zote kwa watu wasioweza kurudi kulalamika. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumchongea mtu aliye chumba cha pili, anayekohoa. Alipofika kwenye herufi ya mwisho mkono ukamtetemeka, duara likatoka na tumbo upande mmoja. Akalitazama. Kusahihisha jiwe hakuna. Mkewe akalifunika kwa kitambaa cha bluu kabla hajapata wazo jingine la gundi.

*

Jumamosi saa tatu na nusu kiwanja kilijaa. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa kwa kimo, viti vimekodiwa, kipaza sauti kinapiga mluzi chenyewe. Mwalimu Ratiba alikuwa ameshaandika kwa kalamu nyekundu, pembeni ya namba saba: "au mwakilishi".

Nyumbani, mlango wa Babu ulikuwa umefungwa.

"Baba, muda umefika," fundi cherehani akabembeleza.

"Marehemu hana saa."

"Babu, nakuomba," Binti akasema.

"Mjane hazungumzi na maiti mlangoni, watu watakusema."

Mchongaji alisimama nyuma yao amevaa suti ya harusi yake, iliyombana kila mahali palipowezekana.  Angesema nini? Kuna kitu nimekuchongea? Mara ya mwisho alipomchongea mzee kitu, alimuua.

Hapo ndipo walipoisikia fimbo. Ko. Ko. Ko. Ilikuwa inavuka barabara. Bibi Dirishani alikuwa hajatoka nyumbani kwake tangu miguu ilipomgomea, karibu mwaka mzima. Mambo yote ya mtaa aliyapata dirishani, na kwa kweli aliyapata kwa ukamilifu kuliko waliokuwa na miguu. Akaingia bila hodi, akaupiga mlango wa Babu kwa fimbo.

"Wewe marehemu!"

"Marehemu hajibu."

"Hajibu, lakini jana nimemwona kutoka dirishani kwangu anakula ndizi tatu."

Fimbo ikagonga tena.

"Nisikilize. Kaka yangu yumo kwenye jiwe hilo. Ana miaka miwili, wa kuja na wa kwenda, na katikati hapajafika hata ishirini na tano. Yeye hakununa. Wewe una mmoja tu, na mkate, na ndizi, na mkwe anayekutetemekea, unajifungia ndani? Haya, tubadilishane. Nipe huo wako nikampe yeye."

Kitasa kikazunguka.

Babu alikuwa amevaa. Suruali ina mkunjo unaokata, koti limefungwa vifungo vyote, kofia ya kikosi iliyoliwa na nondo upande mmoja imeinamishiwa upande mwingine. Viatu viling'aa. Ilionekana marehemu alikuwa tayari tangu alfajiri, akingoja kubembelezwa na mtu wa rika lake.

"Mnapiga kelele za nini?" akasema. "Nilikuwa nafunga viatu."

Binti akageuka haraka akatazama ukuta.

*

Namba moja mpaka sita zilipita. Kwenye namba saba Babu alisogea mbele, akashika pembe ya kitambaa, akavuta mara moja kama mtu anayemfunua mlalaji. Kitambaa kikaanguka. Watu wakapiga makofi. Halafu wale wa mbele, waliokuwa wanasoma, wakaanza kuacha kupiga, na ukimya ukarudi nyuma safu kwa safu.

Mwalimu Ratiba alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Midomo yake ikatamka neno moja bila sauti.

Babu hakuona vizuri. Macho yake yalikuwa yameshastaafu. Akainama, akaweka kidole mahali pake. Jina. Mwaka. Kistari, ah, kile kile. Kidole kikasita. Kisha kikasogea mbele, na hapakuwa patupu. Kikaingia kwenye herufi ya kwanza, kikapanda, kikashuka, kikaenda ya pili. Kwenye duara la mwisho kilizunguka mara mbili.

"Nani kaandika hivi?" akauliza bila kugeuka.

"Mimi, Baba." Mkono wa Mchongaji ulikuwa umeshikwa na mkewe, au yeye ndiye aliyemshika.

"Nani kakutuma?"

"Mchumba wako."

Mabega ya Babu yakaanza kutikisika. Fundi cherehani akapiga hatua ili amshike. Lakini Babu aligeuka, machozi yanamtoka na anacheka, anacheka kwa ile sauti kubwa ambayo nyumba ilikuwa imeikosa tangu Jumatano. Akajipangusa uso kwa kofia. Akaivaa. Akakaza mgongo.

"Kikosi!" akapaza sauti, na watoto wa shule wakasimama wima bila kujua kwa nini. "Kijiko!"

"Hiyo haimo kwenye ratiba," Mwalimu akanong'ona.

Fimbo ikainuka juu ya vichwa. "Yupo!" Bibi Dirishani akaitika.

"Yuko wapi?"

"Kwangu! Ukutani, kwenye picha, anacheka kama mjinga!"

Watu wakacheka. Babu akaendelea kwa mpangilio wa jiwe. "Chumvi!"

Wakatazamana.

"Mrefu, mweusi, alitia chumvi kila kitu mpaka kwenye chai!"

"Ala! Huyo si ndiye baba!" Mwenye duka la vyuma aliruka kutoka kitini kwake. "Yupo! Yupo, Mzee! Mimi mwenyewe natia!"

Basi ikawa hivyo. Jina la jeshini, maelezo kidogo, mtu anashtuka katikati ya umati na kupaza sauti, wengine wakijua leo tu kwamba babu zao walikuwa na majina kama Mluzi na Soksi. Mwalimu Ratiba alikuwa ameikunja karatasi yake. Alipoitwa Soksi aliitika yeye, kwa sauti iliyompasuka. Alikuwa mjomba wake.

"Padri!" Babu akaita. "Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyetukana kumzidi."

Hakuna aliyeitika. Babu akangoja. Padri alikuwa mmoja wa wale watatu wa kule, hakuacha mke wala mtoto, na ndugu zake walikwisha kuhama. Kipaza sauti kikapiga mluzi kidogo, kikanyamaza nacho.

"Yupo!"

Alikuwa Mchongaji. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu mpaka kwenye kola.

Babu akamtazama. "Yuko wapi?"

"Mstari wa tisa, Baba. Nimemchonga mwenyewe."

Babu akaitikia kwa kichwa mara moja, kama sajini anayeandika. Wakaenda wa kumi, wa kumi na moja. Kisha akafunga kinywa. Mstari uliobaki ulikuwa wake, na mtu hajiiti.

"Jogoo!" Binti akaita kutoka pembeni, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu.

Babu alivuta pumzi ili aitike. Aliwahiwa.

"Yupo!" mkwewe akasema.

"Yuko wapi?" Binti akauliza.

"Anafunga viatu, afande."

*

Waliporudi nyumbani viti vilitolewa barazani, na Bibi Dirishani akapewa kile chenye mto. Mwalimu Ratiba alipitia kidogo, akasimama kwenye ngazi, akazungusha maneno sana. Alitaka tu kujua, kwa kumbukumbu za kamati, siku ile itakapofika, na isifike, lile neno litarekebishwa vipi.

"Siku hiyo msije na patasi," Babu akamjibu. "Njooni na watu. Mtu aite, mtu aitike."

Mwalimu akaliandika, akalipatia namba.

Chai ikaja. Babu akaonja, akaweka kikombe chini.

"Mkwe."

"Naam, Baba."

"Lile duara lako la mwisho lina tumbo."

"Mkono ulitetemeka, Baba. Nisamehe."

"Usilinyooshe," Babu akasema, na akasukuma kikombe mbele. "Sasa mwambie mkeo kuna mtu mzima hapa, yuko hai, na bado chai yake haina sukari."